Ajira na mafunzo katika usindikaji wa maziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa yamekusanywa maswali ambayo vijana, wazazi na wafanyakazi wa vituo vya maziwa wanauliza tena na tena. Majibu yanahusu Tanzania. Kenya na Uganda zimetajwa pale ambapo mtu anaweza kwenda kusoma, au pale ambapo utaratibu ni tofauti. Mwenye haraka aanze na swali la 2 na la 9.

## Mwanzo kabisa

1. Usindikaji wa maziwa ni kazi gani hasa?

Ni kazi yote inayofanyika tangu maziwa yatoke kwa mfugaji hadi pakiti ifike dukani: kupokea, kupima, kupoza, kuchuja, kuchemsha kwa kipimo, kugandisha mtindi, kutengeneza siagi, samli na jibini, kufungasha, kuhifadhi kwenye baridi na kusambaza. Viwanda vikubwa kama Tanga Fresh cha Tanga au ASAS cha Iringa hugawa kazi hizo kwa idara. Kwenye kiwanda kidogo cha ushirika mtu yuleyule anapokea maziwa alfajiri, anapika mtindi mchana na jioni anaosha mitambo.

2. Kazi zipo kweli?

Zipo, lakini wengi wanazitafuta mahali pasipo penyewe. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na bado sehemu ndogo tu ya maziwa ndiyo inayopita kiwandani. Mengi hunywewa nyumbani au huuzwa mabichi mitaani. Ng'ombe wengi ni wa asili, hutoa maziwa kidogo, na wako mbali na barabara inayopitika mwaka mzima. Ndiyo maana viwanda vingi vinafanya kazi chini ya uwezo wake: mitambo imesimikwa na wafanyakazi wapo, ila maziwa hayajafika.

Kiwanda cha namna hiyo hakina haja ya kuongeza watu kumi kwenye mashine ya kufungasha. Kinachohitaji ni mtu wa kukaa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa kijijini, apime bila kupendelea, apoze mapema, aweke kumbukumbu zinazoaminika na awafundishe wafugaji kukamua kwa usafi. Kijana anayepeleka barua ya maombi makao makuu mjini tu anaiacha nafasi hii, na kwa maoni yangu ndiyo nafasi iliyo wazi kuliko zote kwenye tasnia hii.

3. Ni kazi zipi zilizopo, kuanzia chini mpaka juu?

Mapokezi na vituoni kuna wapokeaji, wapimaji na wasimamizi wa vituo. Ndani ya kiwanda kuna waendesha mitambo, watu wa maabara, wapishi wa mtindi na jibini, wafungashaji, watunza ghala la baridi na wasimamizi wa zamu. Nyuma yao kuna mafundi: umeme wa viwandani, majokofu, boila, mashine. Halafu madereva wa magari ya tangi, mauzo, uhasibu, na maofisa ugani wanaozunguka kwa wafugaji.

Mafundi majokofu wanasahaulika sana. Maziwa yakitoka kwenye kiwele yana joto la mwili wa ng'ombe, na kila saa yanayokaa hivyo bakteria wanaongezeka. Lengo ni kuyashusha hadi nyuzi 4 za Selsiasi haraka iwezekanavyo. Tangi la kupozea likizimika usiku na fundi asipatikane, asubuhi kuna lita elfu kadhaa za kumwaga. Kijana aliyesoma majokofu na viyoyozi VETA asidhani kazi yake ni hoteli na maofisi tu.

4. Wanawake wanapata nafasi?

Ndiyo, na si kwenye kufungasha peke yake. Ushirika wa wanawake wa Nronga, wilayani Hai mkoani Kilimanjaro, umekuwa ukikusanya na kusindika maziwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanawake wapo pia kwenye maabara za viwanda. Kikwazo halisi ni zamu ya usiku na mapokezi ya alfajiri, kwa hiyo kabla ya kusaini uliza kama kuna usafiri wa wafanyakazi.

## Kusoma

5. Nimemaliza kidato cha nne. Naanzia wapi?

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni vyuo vya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, vyenye kampasi Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Temeke, Buhuri, Madaba, Mabuki na Kikulula. Kozi zake za astashahada na stashahada zimejikita kwenye afya na uzalishaji wa mifugo, na mhitimu wake anafaa sana kwenye vituo vya kukusanyia na ugani. Sifa za kuingia zinaangalia ufaulu wa sayansi, baiolojia na kemia zikitangulia. Mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, hutoka kila mwaka, na huo ndio wa kuuamini kuliko tangazo la WhatsApp.

Ya pili ni VETA, kwa mtu anayependa ufundi au usindikaji wa vyakula kwa ujumla. Ya tatu ni kuanza na kibarua kiwandani na kusoma baadaye. Usiidharau hii ya tatu, ila isome pamoja na swali la 12.

6. Nina kidato cha sita. Nisome shahada gani?

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro, kina shahada ya sayansi na teknolojia ya chakula, na maziwa ni sehemu ya masomo yake. Ukiwa na fizikia na hisabati nzuri, uhandisi wa mitambo au umeme unakuingiza kiwandani vilevile, na wahandisi wanaoielewa pampu ya maziwa na usafi wake si wengi.

Mfano wa kuutazama ukiwa Morogoro ni Shambani, kiwanda cha maziwa kilichoanzishwa na wahitimu wa SUA wenyewe. Hawakusubiri tangazo la kazi.

7. Nataka chuo cha maziwa tu, si chakula kwa ujumla. Kipo?

Kwa Afrika Mashariki, jina linalotajwa kwanza ni chuo cha mafunzo ya maziwa cha Naivasha, Kenya. Njoro, Chuo Kikuu cha Egerton kina idara inayofundisha teknolojia ya maziwa hadi shahada. Uganda ina shule ya maziwa ya Entebbe, ambako hutolewa pia kozi fupi.

Ukisoma nje kisha urudi, cheti chako kinahitaji kutambuliwa: TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa shahada, NACTVET kwa astashahada na stashahada. Fanya hivyo mara unapomaliza, usingoje mwajiri akuombe.

8. Kozi fupi zina thamani, au ni kukusanya vyeti?

Inategemea kama ulishika kifaa. SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, hufundisha wajasiriamali kusindika, Bodi ya Maziwa Tanzania huendesha mafunzo kwa wadau, na wauzaji wa mitambo au wa vimelea vya mtindi (bakteria wazuri wanaogandisha maziwa) nao huwafundisha wateja wao. Siku tatu za kutengeneza jibini kwa mikono yako zina uzito kuliko wiki mbili za slaidi. Kabla ya kulipa ada uliza maswali mawili: tutasindika lita ngapi, na kila mshiriki atapima mwenyewe?

9. Ni ujuzi gani mmoja utakaonitofautisha na wengine?

Kupima maziwa, na kuelewa kipimo kinasema nini. Nalijibu swali hili kwa kirefu kwa sababu usaili mwingi wa mapokezi na maabara unaishia hapa.

Mapokezini kazi inaanza na pua. Unafungua kifuniko cha keni na kunusa papo hapo, kabla harufu haijapotea, kisha unaangalia rangi na uchafu. Huonji. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na vimelea vya brusela na kifua kikuu, na mpimaji anayeonja keni mia kwa wiki anajitafutia ugonjwa.

Kinafuata kipimo cha alkoholi: kiasi sawa cha maziwa na alkoholi, kwa kawaida mililita 2 kwa 2, alkoholi ikiwa na nguvu ya asilimia 68 au zaidi. Tikisa, tazama ukuta wa kioo. Punje nyeupe zikijitokeza, maziwa hayatastahimili moto wa kiwandani. Hapa ndipo mpimaji mwenye elimu anapoonekana. Punje hazimaanishi kila mara kwamba maziwa yamechacha. Zinaweza kuwa dang'a la ng'ombe aliyezaa juzi, au ugonjwa wa kiwele. Mfugaji anayeambiwa "yamekataliwa" bila sababu ataenda kuuza kwingine. Anayeambiwa "kamtazame yule ng'ombe mwenye kiwele kigumu" atarudi kesho.

Laktomita, kifaa kinachoelea kwenye maziwa kupima uzito wake, nayo inadanganya wasioielewa. Maziwa halisi ya ng'ombe kwa kawaida husoma kati ya 28 na 32 kwenye nyuzi 20. Yakiwa na joto zaidi, ongeza 0.2 kwa kila nyuzi moja iliyozidi. Maji hushusha kipimo. Lakini kuondoa krimu hukipandisha, kwa hiyo mjanja anayeengua krimu kisha akaongeza maji kidogo anaweza kupata kipimo cha kawaida kabisa. Ndiyo maana kipimo cha mafuta cha Gerber kinahitajika: mililita 10 za asidi ya salfa kwenye butirometa (chupa maalumu yenye shingo ya vipimo), maziwa takribani mililita 11 yakimiminwa taratibu juu yake, alkoholi ya amili mililita 1, kizibo, kutikisa mpaka yote yawe rangi ya kahawia, kuzungusha kwenye mashine dakika 5, kisha maji ya nyuzi 65. Chupa hiyo inachoma mkono wakati wa kutikisa, hivyo ifunge kwa kitambaa, na kizibo usikielekeze usoni kwako wala kwa mwenzako.

Anayeweza kukuambia ni lini laktomita haitoshi ni mpimaji. Anayejua kusoma namba tu, mashine itachukua nafasi yake.

10. Nani anagharamia masomo?

Bodi ya Mikopo hutoa mikopo ya shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 imeanza pia kwa stashahada za fani za kipaumbele. Mwongozo wa kila mwaka unataja fani zenyewe. Baadhi ya vyama vya ushirika humsomesha mtoto wa mwanachama au mfanyakazi wao kwa makubaliano ya kurudi kufanya kazi. Makubaliano hayo yaandikwe, na miaka ya kutumikia itajwe.

## Mafunzo kwa vitendo

11. Nimepata field kiwandani. Nifanyeje nisiishie kufagia?

Utafagia, na utaosha. Kuosha ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu kiwanda cha maziwa kinasimama au kuanguka kwa usafi. Mitambo iliyofungwa huoshwa bila kufunguliwa, kwa utaratibu ambao wenyewe wanauita CIP: maji ya kusuuza kwanza, kisha magadi makali ya moto yanayoyeyusha mafuta na protini, maji tena, asidi ya kuondoa ukoko wa madini, na maji ya mwisho. Mpangilio huo una sababu zake, na mwanafunzi anayeziuliza anakumbukwa. Usichanganye asidi na magadi hata kwa majaribio, wala usimimine maji ndani ya kemikali kali. Kemikali ndiyo inayoingizwa kwenye maji, tena kidogokidogo.

Kuwa na daftari. Andika joto la pasturaiza, mtambo wa kupasha maziwa ili kuua vijidudu, kila unapopita karibu nayo. Kwa mtambo wa kupitisha mfululizo ni nyuzi 72 kwa sekunde 15, kwa tangi linalopasha maziwa yote kwa pamoja ni nyuzi 63 kwa dakika 30. Andika pia mtindi uliwekwa vimelea kwenye joto gani na uliganda baada ya saa ngapi. Wiki ya kwanza ikiisha, mwombe msimamizi akuzungushe mapokezi, maabara, uzalishaji na ghala la baridi. Omba kwa adabu na kwa maandishi, na mwalimu wako apewe nakala.

12. Niliingia kama kibarua na sina cheti. Naweza kupanda?

Wengi wamepanda kwa njia hiyo. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: unapimwa, unafundishwa mapungufu, unapewa cheti. Kama fani yako haimo kwenye utaratibu huo, kozi ya jioni au ya likizo itakusaidia, na ukiwa na daftari la swali la 11 utasoma kwa wepesi kuliko wenzako.

Ila usikubali kibarua kisicho na mwisho. Baada ya miezi michache omba mkataba wa maandishi na uhakikishe michango ya NSSF inapelekwa. Miaka mitano ya kazi isiyo na karatasi hata moja ni vigumu kuithibitisha kwa mwajiri mwingine.

## Kutafuta kazi na kuifanya

13. Nipeleke maombi wapi?

Mbali na viwanda vyenyewe, nenda kwenye vyama vya ushirika wa wafugaji, kwa afisa mifugo wa wilaya, na kwenye miradi ya maendeleo ya maziwa, ambayo mara nyingi hutafuta wasimamizi wa vituo. Wiki ya Maziwa, inayofikia kilele tarehe 1 Juni, huwakutanisha wasindikaji wengi mahali pamoja. Nanenane vilevile. Nenda na maelezo yako ukurasa mmoja, na ujue jibu la "unafanyaje kipimo cha alkoholi?"

14. Mishahara ikoje?

Inatofautiana mno kati ya ushirika wa kijijini na kiwanda kikubwa, na namba ya mtaani isikupe matumaini wala kukukatisha tamaa. Sakafu yake ni amri ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta husika. Juu ya hapo kinachoongeza ni zamu za usiku, saa za ziada, na ujuzi ambao kiwanda hakina mbadala wake, kama mhudumu wa boila mwenye cheti au mtengenezaji jibini.

Uliza pia kuhusu msimu. Mvua zikinyesha majani yanakuwa mengi na maziwa yanafurika. Kiangazi yanapungua na vibarua ndio wa kwanza kuambiwa wapumzike. Mwenye mkataba anavuka kiangazi.

15. Nahitaji vibali gani binafsi?

Yeyote anayeshika chakula anapimwa afya, na vipimo hurudiwa, kwa kawaida kila miezi 6. Bwana afya au bibi afya akija kukagua, cheti chako kiwe karibu. Ukiwa na kuhara, kidonda kilichotunga usaha mkononi au kikohozi kisichokoma, mwambie msimamizi kabla hujaingia. Mwajiri mzuri atakuhamishia kazi nyingine kwa siku hizo.

16. Kazi hii ina hatari gani?

Mvuke, kemikali za kuoshea, sakafu yenye utelezi, mgongo kwa ajili ya keni za lita 40 au 50, na baridi ya ghala. Buti, glavu na miwani ni haki yako chini ya sheria ya usalama mahali pa kazi inayosimamiwa na OSHA. Ukiumia kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unahusika, lakini ajali lazima iripotiwe na mwajiri. Hakikisha imeandikwa siku hiyohiyo.

## Maswali ya pembeni

17. Nataka kusindika mwenyewe nyumbani. Je, hiyo ni ajira?

Ni ajira, na inabeba mzigo wa sheria. Sheria ya Maziwa, Sura ya 262, inamtaka msindikaji asajiliwe na Bodi ya Maziwa. Usalama na ubora wa chakula uko TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019, ulipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa). Mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, ambako anapata ushauri na barua ya utambulisho ya kwenda TBS. Jikoni kwako pasipotenganishwa na chumba cha kusindikia hutapita ukaguzi, hivyo anza na jengo kabla ya kununua mashine. Ukiwa Kenya, vibali vya biashara ya maziwa unaviomba Bodi ya Maziwa ya Kenya.

Somo la kiufundi linalowaumiza wanaoanza: mtindi kukataa kuganda. Mara nyingi si vimelea vibovu. Ng'ombe alichomwa antibiotiki, na mfugaji akauza maziwa kabla ya siku za kusubiri kuisha. Dawa ileile inaua vimelea vya mtindi. Mjue mfugaji wako na umlipe kwa wakati, ili siku akitibu ng'ombe asiogope kukuambia.

18. Nimesomea kitu kingine kabisa: uhasibu, kompyuta, masoko. Kuna nafasi?

Ipo, hasa kwenye malipo ya wafugaji. Kituo chenye wanachama mia kadhaa kinapokea maziwa ya kila mmoja mara moja au mbili kwa siku, na kila tarakimu ni fedha ya mtu. Ugomvi mwingi wa vyama vya maziwa unaanzia kwenye daftari la mapokezi. Anayeweza kulipanga, liwe la karatasi au la simu, hana haja ya kujua kutengeneza jibini.

19. Mwili wangu haupokei maziwa. Naweza kufanya kazi hii?

Kama tumbo linajaa gesi na kuharisha ukinywa, hiyo ni sukari ya maziwa isiyomeng'enywa, na haikuzuii kufanya kazi, ila utaachia wengine kazi ya kuonja bidhaa zilizo tayari. Kama ni mzio wa protini ya maziwa, unaovimbisha midomo au kubana pumzi, zungumza na daktari kwanza. Vumbi la maziwa ya unga hewani peke yake linaweza kukudhuru.

20. Wakala ameniahidi kazi ya kiwanda cha maziwa Ghuba. Niende?

Nchi za Ghuba zina viwanda vikubwa vya maziwa, na kazi za halali zipo. Thibitisha kwanza kwamba wakala amesajiliwa: Tanzania uliza TaESA (ofisi ya serikali ya huduma za ajira), Kenya uliza Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Dai mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoielewa, unaotaja jina la kiwanda, cheo, mshahara, saa za kazi na nani analipa tiketi. Viza iwe ya kazi hiyo, si ya utalii. Wakala anayekataa kukuonyesha mkataba kabla ya kulipwa, usimpe pasipoti yako.

21. Nina miaka 45 na nimefanya kazi ya kukusanya maziwa kwa baiskeli maisha yangu yote. Nimechelewa?

Hapana. Unajua nani anaongeza maji, njia ipi hufungwa na matope mwezi Aprili, na mfugaji gani huamka mapema, na kituo kipya kinahitaji miaka kuyajua hayo. Kinachokosekana ni usajili na vipimo viwili: alkoholi na laktomita, vilivyoelezwa kwenye swali la 9. Badilisha madumu ya plastiki kwa keni za alumini au chuma cha pua, kwa kuwa plastiki ikichubuka ndani haisafishiki. Kisha nenda kwa afisa mifugo wa kata yako, ueleze unataka kusajiliwa kama mkusanyaji, na uulize ni kituo gani kilicho karibu kinachotafuta mtu.